Beseni Lililotembea Kabla ya Kifo

Kwenye avenue yetu hapa Kabondo, mtu akifa, anayepita nyumba kwa nyumba ni Papa Lukumani. Hasemi kitu. Anabeba beseni la bati lililofunikwa kitambaa cheupe, anasimama mbele ya mlango wako. Unaingiza mkono chini ya kitambaa, unaweka ulichonacho, unautoa. Hakuna anayeona umeweka nini, hata yeye. Halafu anaenda mlango wa pili. Sheria ni moja: unaweka kwanza, unauliza baadaye. Akishamaliza pande zote mbili za barabara, anarudi kwenye kibanda chake cha kutengeneza baiskeli, na hapo ndipo anataja jina la marehemu.

Sheria hiyo aliiweka yeye mwenyewe. Zamani watu waliuliza kwanza ni nani amekufa. Wakisikia ni mama mwenye duka, mikono inajaa. Wakisikia ni mlevi aliyekuwa akiwatukana, kila mtu hana chenji. Lukumani wakati huo alikuwa kijana, alikuwa anabeba watu kwa baiskeli, zile tunaziita toleka. Katika vita ya siku sita, majeshi ya kigeni yalipopigana humu mjini kwetu, jirani yake aliuawa na bomu, na hakuna aliyetoa hata shuka. Lukumani alimfunga yule maiti kwenye kiti cha nyuma cha toleka kwa kamba za mpira, akamsukuma hadi makaburini akiwa amekaa kama abiria. Watu waliokutana naye waliwasalimia wote wawili. Aliporudi alichukua beseni la mke wake.

Tangu siku hiyo amezika Wakatoliki, Wakimbangu, Waislamu wenzake, na wengine wasiojulikana walikuwa wa nani. Yeye ni wa zile familia za Waislamu zilizokaa mji huu tangu enzi za wafanyabiashara wa pembe za ndovu, lakini bei ya jeneza anaijua kuliko seremala. Pikipiki zilipojaa mjini na kuua kazi ya toleka, alibaki na pampu, koleo na viraka, akakaa kwenye kona. Mikono yake ni myeusi kwa grisi hadi siku ya Idi. Watoto wanamwogopa kidogo. Ukimwona anaweka koleo chini na kunawa mikono saa za kazi, unajua kuna mtu amekufa.

Mwaka jana Hugues, muuguzi wa kituo cha afya cha quartier yetu, yaani mtaa mzima, aliitisha mkutano mbele ya duka la Mama Kasoki. Mama Kasoki ni mfanyabiashara kutoka Butembo, anauza maharage na makayabu, wale samaki wa chumvi, kwa magunia. Hugues alikuja na karatasi za mutuelle. Alieleza polepole: kila nyumba inatoa kidogo kila mwezi, wagonjwa na wasiougua pamoja, na yule anayeangushwa na ugonjwa anaingia hospitali na kadi, wanamtibu bila kumuuliza kwanza ana nini mfukoni.

Papa Lukumani aliinuka. Watu walitulia, kwa sababu ni mara chache anasema mbele ya watu.

"Muganga, mimi iko nakula pondu yangu vizuri, nalala vizuri. Unataka nilipe ugonjwa?"

"Unalipa mbele ya ugonjwa, Papa."

"Eeh, ndiyo vile inaitwaga. Ukilipa mbuzi, mbuzi inakuja kwako. Ukilipa ugonjwa je?"

Watu walicheka. Alfani, mwenye pikipiki ya teksi, alicheka hadi akaegemea gunia.

Mama Kasoki akauliza, "Na nikimaliza mwaka bila kugonjwa, mutanirudishia?"

"Hapana, Mama. Ile inamusaidia mwenye aligonjwa."

"Alors hiyo haiko biashara."

Hugues hakukasirika. Akasema, "Lakini ile beseni yenu, si ni kitu moja? Munawekaga mbele ya kuuliza."

"Ah, non," alisema Papa Lukumani. "Kifo ni hakika. Ugonjwa ni bahati. Nitajie mutu moja tu mwenye aliishi bila kufa, nitasaini hapa hapa."

Walimpigia makofi. Hugues alikunja karatasi zake. Nyumba nne tu ndizo zilizosaini katika avenue nzima, na moja yao ilikuwa ya Hugues mwenyewe.

Sasa niseme juu ya Ramla. Ni mtoto wa mwisho wa Papa Lukumani, ana miaka ishirini na miwili, anasuka nywele kwenye kizingiti cha nyumba yao na anauza makemba, ndizi za kuchoma, jioni. Homa ilimshika mwezi wa tatu. Wiki ya kwanza mama yake, Mama Hadidja, alichemsha kongobololo, ule mti mchungu. Wiki ya pili walinunua vidonge kwa kijana anayepita na ndoo ya dawa kichwani, vidonge vya rangi mbili, kimoja kimoja. Ramla alikuwa anapata nafuu asubuhi na kutetemeka jioni. Kituo cha afya kiko karibu, unakiona ukisimama barabarani. Lakini kuingia tu, kabla hata ya kushikwa mkono, unalipia karatasi. Halafu kipimo cha damu, halafu cha choo, halafu dawa. Kwetu hapa watu wanangoja ugonjwa uamue wenyewe kama unakaa au unaenda. Hakuna aliyemlaumu Papa Lukumani kwa kungoja. Sote tunangoja hivyo.

Wiki ya tatu, Jumanne asubuhi na mapema, alikuwa ananisuka mimi, jirani yake. Aliacha nusu ya kichwa changu, akainuka, akakaa tena chini. Alisema tumbo. Mama Hadidja alipoligusa lilikuwa gumu kama ubao wa kukatia nyama. Pikipiki ingemtikisa, kwa hiyo Papa Lukumani alimkalisha kwenye baiskeli yake, Mama Hadidja akamshika mgongo, mimi nikafuata na mkeka na sufuria. Alisukuma hivyo hadi mjini, mguu kwa mguu, akikwepa kila shimo.

Sitaitaja hospitali. Mle ndani, kwenye korido ya upasuaji, kulikuwa na benchi mbili. Kwenye moja alilala mwanamke mwembamba anaitwa Fortunée, na mume wake, Eddy, alikuwa amepiga magoti sakafuni akimpepea kwa kifuniko cha sufuria. Walitoka Barumbu kwa mtumbwi wa mota, wamefika jana yake. Kwenye benchi ya pili tukamlaza Ramla.

Daktari alikuja haraka. Kijana tu, ana macho mekundu. Alibonyeza tumbo la Ramla, akaachia, Ramla akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu.

"Ni homa ya tumbo, typhoïde," alisema. "Imetoboa utumbo. Tunapasua leo hii. Kesho haiko."

"Mupasue, Docta," alisema Papa Lukumani.

"Karatasi ya dirisha la kulipia iko wapi?"

Papa Lukumani alienda dirishani. Aliporudi uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Alichotajiwa ni kitu ambacho mtu wa viraka hajawahi kukishika kwa mkono mmoja tangu azaliwe.

"Docta, nina kibanda, nina jina, watu wananijua. Mupasue sasa, mimi nitaleta kesho."

Daktari alimshika bega, wala si kwa ukali. Alimwonyesha dirisha la nyuma. Kule uani kuna chumba kirefu, na watu walikuwa wamekaa kwenye veranda yake, wamepona, wanasuka mikeka, wanaosha vyombo. Kuna mlinzi kwenye lango.

"Wale wote walisema kesho. Yule mama mwenye kitenge ya kijani alizalia humu. Muangalie mutoto wake, iko na meno mbili. Hajaona nyumba yao bado. Mimi si ndiye ninayewafunga, Papa. Lakini nikipasua mutu asiye na muhuri, vifaa vinakatwa kwa mushahara wangu, na mushahara yenyewe siuoni."

Niliangalia ndani ya chumba cha upasuaji, mlango ulikuwa wazi. Umeme ulikuwepo. Taa ilikuwa inawaka juu ya meza. Meza ilikuwa tupu. Daktari alikuwa amesimama, mikono iko, visu viko, na wanawake wawili walikuwa wamelala hatua kumi kutoka pale. Mpaka leo sijui niliseme vipi jambo hilo. Nilifikiri kuna kitu sijaelewa kwa sababu nimesoma kidogo. Nikamuuliza Mama Hadidja. Yeye pia hakuelewa.

Eddy alisema, bila kugeuka, "Tuko namna hii tangu jana."

Papa Lukumani alimwangalia Ramla, akamwangalia yule Fortunée, akatoka. Aliniambia nimfuate nichukue kitenge cha pili nyumbani. Alipofika aliegesha baiskeli, akachota maji, akaanza kunawa mikono. Alisugua kwa majivu mpaka vidole vikatoka vyeupe. Kisha akaingia ndani, akatoka na beseni na kitambaa.

Nilijua, na nilinyamaza. Pengine nilipaswa kusema. Lakini sheria ni kwamba hakuna anayesema.

Alianza upande wa kushoto. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua kali, watu wengi walikuwa nyumbani. Mlango wa kwanza, mkono, kitambaa. Mlango wa pili. Alfani alikuwa anaosha pikipiki. Alizima muziki, akapangusa mkono kwenye suruali, akaweka. Mama Kasoki alitoka dukani na ngumi iliyofungwa, akaiingiza, akaitoa wazi. Wazee waliweka. Wale ambao jana yake walikataa kunikopesha sabuni waliweka. Nyuma yake barabara ilianza kufanya kazi inayoijua: vijana walitoa viti, mtu alileta turubai, wanawake walifunga vitenge kiunoni, moto wa kwanza wa chai ukawashwa. Hakuna aliyeuliza. Haikupita hata saa moja, beseni lilikuwa zito hivi kwamba alilishika kwa mikono miwili.

Alisimama mbele ya kibanda.

"Ni nani, Papa?" aliuliza Alfani.

"Ni Ramla."

Wanawake walipaza kilio. Mama Kasoki alikaa chini kwenye vumbi na nguo yake safi. Papa Lukumani alingoja, halafu akasema kwa sauti ile ile:

"Hajakufa."

Kilio kilikatika vipande vipande, wengine kabla ya wengine.

"Iko hospitali. Wanataka pesa mbele ya kumupasua. Docta amesema ni leo."

Sijawahi kuona nyuso za watu zimeshtuka vile, hata kwenye matanga ya kweli. Mama mmoja mzee alirudi nyuma hatua mbili, kama beseni lilikuwa na nyoka.

"Papa Lukumani," alisema Alfani, na hakuwa anacheka. "Umemutembeza mutoto wako kwa matanga, na angali anapumua?"

"Nimemutembeza."

"Umemuzika," alisema yule mama mzee. "Kwa mukono yako umemuzika."

"Hii pesa ni ya sanda," alisema mwingine nyuma. "Haiwezi kununua dawa. Atakunywa dawa ya sanda?"

"Na wewe ndiye uliyetuambia kulipa ugonjwa ni kuuita," alisema Mama Kasoki kutoka chini alikokaa. "Tulikusikia. Mimi nilikusikia wewe, sikumusikia muganga."

Hilo lilimpiga. Akaliweka beseni chini, kitambaa kikiwa juu yake.

"Bon," alisema. "Nilisema hivyo. Nilikuwa mujinga mwenye sauti kubwa. Sasa mukuje. Kila mutu aingize mukono achukue yake, sitaangalia. Ila musiende mbali na nyumba. Kwa sababu jioni nitapita tena na beseni hii, na mutaweka tena pesa hii hii, na ile saa hamutauliza kitu. Mutaleta viti. Mutaleta turubai. Mutanipikia chai. Docta anangoja pesa yenu sasa, mwenye kuchimba kaburi anaingoja jioni. Muchague nani apewe."

Akageuka, akatupa mgongo.

Mama Kasoki ndiye aliyetangulia. Alijipangusa vumbi, akainama, akaingiza mkono chini ya kitambaa. Ulikaa mle ndani muda. Akautoa umefungwa, akaondoka bila kumwangalia mtu. Alfani akafuata. Yule mama mzee akafuata. Mstari ulikuwa mrefu, mkono baada ya mkono, na hakuna aliyejua mwenzake anatoa au anaongeza. Nami niliingiza mkono. Nilikuwa nimeweka noti moja ya chai. Niliigusa, nikaiacha.

Mstari ulipokwisha, Alfani aliwasha pikipiki.

"Panda, Papa. Na hiyo maiti yako ya beseni uishike vizuri. Nikianguka mimi, usinipitishe kabla hawajanipima."

Watu wawili watatu walicheka, wakaona aibu. Nami nikapanda nyuma na kitenge.

Dirishani hospitalini, mwanamke wa kupiga muhuri aliondoa kitambaa akaanza kupanga noti. Mikono ya Papa Lukumani ilikuwa juu ya ukingo, safi, vidole vimekauka. Zilitosha. Zilitosha na zilibaki za dawa. Maana yake wako walioongeza, na sijui ni nani, na pengine wako waliochukua, na hao pia siwajui. Muhuri ulipigwa. Ulikuwa mdogo kama kifuniko cha chupa.

Ramla aliingia saa sita kasoro. Daktari alikimbia, kweli alikimbia, kama mtu aliyekuwa amefungwa kamba na sasa imekatwa. Walipompitisha, miguu ya kitanda iligusa benchi ya Fortunée. Eddy aliinuka.

"Sisi tulifika mbele," alisema.

Muuguzi alisema, "Karatasi yako iko wapi?"

Eddy akakaa tena.

Upasuaji ulichukua zaidi ya saa mbili. Daktari alitoka amelowa jasho, akasema wameosha tumbo, wameshona utumbo, ataishi Mungu akipenda. Akasema kama wangengoja mpaka jua litue, asingemfungua tena. Mama Hadidja aliweka kichwa chini sakafuni palepale akashukuru. Papa Lukumani alibaki amesimama. Alikuwa anaangalia benchi ya Fortunée.

Eddy alikuwa ameacha kupepea. Kifuniko cha sufuria kilikuwa kimelala juu ya kifua cha Fortunée, na kilikuwa hakiinuki.

Ameshaosha maiti wengi, Papa Lukumani; hahitaji kuambiwa. Alienda, akafunga macho ya yule mwanamke, akamfunga kidevu kwa kile kitambaa chetu cheupe. Meza ndani ilikuwa tupu tena. Mtu alikuwa anaipangusa. Taa ilikuwa bado inawaka.

Eddy alimuuliza, "Papa, asubuhi haukuwa na kitu, kama mimi. Mulipata wapi?"

"Kwa majirani."

"Majirani wangu wako Barumbu."

Papa Lukumani akaketi karibu na Eddy kwenye sakafu. Walikaa hivyo mpaka watu wa chumba cha maiti wakaja, na hao pia walianza kwa kuuliza nani atalipa.

Ramla alirudi nyumbani baada ya wiki tatu. Alfani anamtania: "Wewe tulishakulilia, dada. Ukikufa mara ya pili ni kwa bei yako." Anacheka akishika kovu. Mwezi huo huo watu watatu walikuja kwa Papa Lukumani, mmoja ana mama wa presha, mwingine mtoto, wakimwomba awatembezee wagonjwa wao. Alikataa wote, akalia kwa kukataa. Alisema avenue haina mikono mingi vile, itatoa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu itafunga milango, na nani atachagua mgonjwa wa nani atembezewe.

Akaenda kwa Hugues, akasaini. Hugues hakumkumbusha chochote. Lakini kabla ya kushika kadi alimuuliza:

"Hii kadi, mutu wa Barumbu akifika hapa, hana jamaa, hana jirani, inamufungulia?"

"Hapana, Papa. Hii ni ya quartier yetu. Inasaidia wenye walisaini tu."

"Donc ni beseni tu, yenye karatasi."

"Ni beseni kubwa kidogo. Ile ya nchi nzima, yenye kila mutu anaweka na kila mutu anatibiwa popote, wanaisema. Wameanza na wamama wanaozaa, kwa hospitali zingine. Yenye kubaki tunangojea."

"Wanangojea nini?"

Hugues alimpa kadi. Papa Lukumani alitoka bila kuaga, na yeye si mtu wa kukosa adabu.

Tangu hapo amekuwa mtu wa maneno, na wanaomjua wanashangaa. Ukileta baiskeli, kabla hajagusa tairi anakuuliza: wewe mutu wa wapi? Ukianguka hapa leo, tumbo imekuwa ubao, nani anakulipia mbele ya saa sita? Watu wanacheka. Wengine wanasema kifo cha yule mwanamke kimemgeuza akili. Wanafunzi wanamjibu upuuzi, Serikali, Papa, Serikali itanilipia, halafu wanacheka zaidi, na yeye hacheki. Anasema ndiyo, ni yeye, muende mumuulize, muende wengi.

Juzi alikuja mtu mmoja mkubwa juu ya baiskeli na gunia la mihogo, ametoka Yangambi kwa mashua asubuhi, alitaka upepo tu kwenye gurudumu la nyuma. Papa Lukumani akamuuliza. Yule mtu alianza kucheka, akaweka mguu mmoja chini. Aliangalia barabara upande mmoja, kisha upande mwingine, kama anayemtafuta mtu.

"Hapa?" alisema. "Hapa sina mutu."

Papa Lukumani alishika pampu, akaanza kupiga upepo.